Kutoka Newala Hadi Mzumbe: Safari ya Karatasi ya Kwanza

Msimu wa korosho na mwaka wa masomo wa vyuo vikuu huanza karibu pamoja, na kwetu Newala hilo si jambo dogo. Minada hufunguliwa Oktoba. Vyuo navyo hufungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Mwanafunzi anafunga begi wakati mzazi bado anasubiri jina lake litokee kwenye orodha ya malipo ya chama cha msingi. Ada, pango, nauli, godoro, vyote vinategemea gunia lililokwisha kupimwa lakini halijalipwa. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alikuwa anarudi Chuo Kikuu Mzumbe kuanza mwaka wa tatu na wa mwisho wa shahada ya uhasibu na fedha, mchepuo wa sekta ya umma, nami nikasema nitamsindikiza. Kwa sisi Wamakonde mjomba ana wajibu wake juu ya watoto wa dada zake. Tena nilitaka kukiona kwa macho yangu chuo ambacho korosho za mama yangu zimekuwa zikikilipia tangu binti huyu alipomaliza kidato cha sita.

Kabla hatujaondoka, mama alimwita mjukuu wake jikoni akamkabidhi bahasha ya stakabadhi za msimu uliopita. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo ya miaka ya 1970, na tangu hapo hatupi karatasi yenye namba. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema. "Hizi kanisomee vizuri, mjukuu wangu. Mizani ilisema kilo 412, malipo yakaja ya kilo 398. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

"Nitazisoma, bibi," akajibu, akazipokea kwa mikono miwili.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho za kusini zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa stakabadhi. Chama kinakusanya mizigo ya wanachama na kuipeleka ghala kuu, ghala linatoa hati yake, mnada unafanyika, mnunuzi analipa. Fedha zinashuka kupitia chama kikuu hadi chama cha msingi, kisha hadi akaunti ya mkulima, na kila zinapopita kuna kinachokatwa: usafirishaji, ghala, ushuru wa chama. Mfumo umesaidia sana. Wanaokumbuka enzi za kangomba, mlanguzi alipomkuta mkulima na njaa akamnunulia korosho kwa bakuli kabla hazijakauka, hawatamani kurudi huko. Lakini mikono ni mingi, na kila mkono una karatasi yake.

Basi liliondoka alfajiri. Kutoka Newala kwenda Masasi unashuka kutoka uwanda wa juu wa Makonde, na mikorosho inakusindikiza njia nzima, mingine mizee, matawi yamelala hadi chini. Mpwa wangu alikuwa dirishani.

"Mjomba, unajua kwamba mkorosho wa bibi, kwenye vitabu vya uhasibu, unahesabiwa kama mashine?"

Nilimtaka anieleze, na maelezo yake yalitufikisha mbali. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha Julai 2004. Kwa viwango hivyo, mti wa shambani ulikuwa mali hai, na thamani yake ilitakiwa kupimwa upya kila mwaka kwa kufuata soko. Nani lakini anauza mkorosho uliosimama? Soko lake liko wapi? Kuanzia Januari 2016 kanuni ikabadilishwa. Mmea unaozaa miaka mingi, ambao mwenyewe hauuzwi, kama mkorosho, mchai, au mchikichi, sasa unahesabiwa sawa na mtambo wa kiwandani: gharama za kuupanda na kuutunza zinajumlishwa mpaka uanze kuzaa, halafu zinagawanywa kidogo kidogo kwa miaka ya uhai wake, ndiyo uchakavu. Korosho inayoning'inia mtini, hiyo ndiyo inayobaki kuwa mali hai.

"Basi mikorosho ile aliyoachiwa bibi na mama yake?"

"Vitabuni thamani yake imekwisha zamani. Shambani bado inazaa."

Nilimwuliza kama hilo halimkeri, mti unaolisha familia kuandikwa sifuri. Alifikiri kidogo, akasema sifuri ile inaeleza gharama ambazo zimekwisha gawanywa, wala haisemi lolote kuhusu faida ya mti kwa mwenye shamba. Msomaji wa hesabu anapaswa kujua tofauti hiyo, na mwandishi wa hesabu anapaswa kumweleza. Hapo nilianza kuelewa anasoma nini. Wengi wetu tunadhani uhasibu ni kujumlisha na kutoa, kazi ambayo kikokotoo kinaimaliza. Kumbe sehemu kubwa ya masomo yake ni mabishano: kitu hiki ni mali au ni matumizi, deni hili ni la mwaka huu au wa jana, ahadi hii imekuwa wajibu au bado ni maneno.

Lindi hadi Somanga barabara ilikuwa na michepuko. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata njia hii, na kusini tukabaki kisiwani kwa siku kadhaa, mizigo imekwama pande zote mbili. Jioni tulivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile la mwaka 2003 lililowaondolea watu wa kusini mateso ya kivuko, na usiku tukalala Mbagala kwa ndugu. Mbagala ukishuka na mzigo wa kutoka kusini, hukosi mtu wa kukuuliza habari za nyumbani.

Asubuhi tulipanda treni ya umeme. Huduma kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza Juni 2024, na kwa wanafunzi wa Mzumbe na wa Sokoine imebadilisha kabisa safari ya kurudi chuo. Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, halafu milima ya Uluguru inatokea mbele na ukungu wake. Behewa letu lilijaa vijana wenye mabegi makubwa. Wanne kati yao walikuwa darasa moja na mpwa wangu, wakahamia viti vya karibu, wakanisalimu shikamoo mmoja mmoja, kisha wakaendelea na soga zao: nani kapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, nani kadisco, yaani kaondolewa masomoni, boom, ile fedha ya bodi ya mikopo, litaingia lini. Mwenye mkopo kamili na aliyekosa kabisa wanasoma chumba kimoja cha mihadhara, na kusubiri boom kunawaunganisha kuliko somo lolote.

Niliwauliza wanataka kufanya kazi wapi. Watatu walitaja kampuni kubwa za ukaguzi zenye ofisi Dar es Salaam: Deloitte, PwC, KPMG, EY. Wa nne alisema benki. Sikuwalaumu. Kwenye kampuni hizo kijana anafundishwa vizuri, anasimamiwa, anakutana na vitabu vya migodi na mabenki, na anapata uzoefu wa miaka 3 unaotakiwa ili asajiliwe kuwa mhasibu kamili baada ya kufaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mitihani hiyo hufanyika Mei na Novemba, na mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati badala ya chini. CPA, sifa hiyo ya mhasibu kamili, ndiyo neno lililotajwa zaidi kwenye behewa lile, kuliko hata shahada yenyewe. Lakini hakuna aliyetaja halmashauri, ingawa wote walikuwa mchepuo wa sekta ya umma. Nililiweka moyoni.

Mzumbe iko nje ya mji wa Morogoro, kiasi cha kilomita 20 na kitu ukishika barabara ya Iringa, chini ya milima ya Uluguru. Ukishuka kwenye daladala unasikia hewa imebadilika. Majengo ya zamani ni ya chini, yamejengwa yakiachiana nafasi, na miti ni mikubwa. Mahali hapa palianzishwa na Waingereza mwaka 1953 pakiwa shule ya serikali za mitaa. Waliofundishwa hapa walikuwa machifu, makarani wa mamlaka za wenyeji, madiwani, mahakimu wa mahakama za mwanzo. Kwa maneno mengine, watu walioshika kodi ya kichwa, sanduku la fedha na daftari la baraza. Baada ya uhuru wakafundishwa maofisa wa maendeleo vijijini. Mwaka 1972 shule ikaunganishwa na Taasisi ya Utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kile ambacho wazee bado wanakiita IDM. Hadhi ya chuo kikuu ilikuja mwaka 2001.

Mwaka huo wa 1972 unahitaji kutazamwa kwa makini. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetaifisha mabenki na kuzaa mashirika ya umma, na nchi haikuwa na wahasibu wazalendo wa kutosha wa kuyasimamia. Ndani ya mwaka mmoja wa 1972 zikaja sheria iliyounda NBAA, Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, pale Dar es Salaam, na IDM hapa Mzumbe. Hatua kubwa, na matunda yake tunayala hadi leo. Lakini ni mwaka huohuo ambao sera ya Madaraka Mikoani iliziondoa halmashauri za wilaya vijijini. Shule iliyoanzishwa ili kufundisha watunza daftari wa serikali za mitaa ilipandishwa hadhi katika mwaka ambao serikali za mitaa zenyewe zilifutwa. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za 1982. Mimi naona jeraha la miaka ile ya katikati halijapona: kizazi kizima cha wasomi wa hesabu kilizoea kutazama juu, wizarani na kwenye mashirika, na mazoea hayo yakarithiwa. Kaulimbiu ya chuo inasema "Tujifunze kwa Maendeleo ya Watu", na naiamini. Swali langu ni watu gani, na wako wapi.

Mhadhiri wa somo la ukaguzi wa hesabu aliniruhusu nikae kiti cha nyuma. Chumba kilikuwa na joto, feni inazunguka, wanafunzi wengi kuliko viti vya mbele. Aliandika ubaoni neno "kitabu" upande wa kushoto na neno "ghala" upande wa kulia, akachora mshale kutoka kushoto kwenda kulia. Mkaguzi akitaka kujua kama kilichoandikwa kipo kweli, alisema, anaanzia kitabuni na kwenda ghalani: leja inasema magunia 50, twende tukahesabu magunia 50. Halafu akachora mshale wa pili, unaorudi. Mkaguzi akitaka kujua kama kilichopo kimeandikwa chote, hawezi kuanzia kitabuni, kwa sababu kitabu hakiwezi kumwonyesha ambacho hakimo. Lazima aanzie ghalani, kwenye mizani, kwenye karatasi ya kwanza kabisa, na kutembea nayo mpaka kitabuni. "Wizi wa kwanza mnaufichua kwa kusoma," aliwaambia. "Wa pili mnaufichua kwa kutembea."

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya chama cha msingi, na sijawahi kusikia jambo hili likisemwa waziwazi namna ile. Mkutanoni tunasomewa kitabu, tunashika vidole kwenye mistari, jumla inakubali, tunapiga makofi. Mshale wa pili hatuujui.

Jioni mpwa wangu alinipeleka kwenye vimbweta chini ya miti, ambako vijana wa mwaka wa pili walikuwa wakihangaika na swali la mtihani wa zamani. Urari wao haukukaa: upande wa debiti ulizidi upande wa krediti kwa shilingi 27,000. Walikuwa wamepitia leja upya, na kikokotoo kimezunguka mikono yote. Kijana mmoja mwembamba, fulana ya Simba, alikuwa kimya muda wote. Akagawanya 27,000 kwa 9, akapata 3,000. "Tafuteni tarakimu zilizogeuzwa," alisema. "Zinazotofautiana kwa tatu, kwenye maelfu." Baada ya dakika chache msichana wa pembeni yake akapiga meza: muuzaji aliyekuwa anadai 74,000 ameandikiwa 47,000. Wakasahihisha, pande zote mbili zikalingana.

Nilitaka kujua ni uchawi gani. Wakanieleza kwa zamu. Ukigeuza tarakimu mbili zilizokaa jirani, tofauti inayozaliwa siku zote inagawanyika kwa tisa. 74 ukitoa 47 ni 27. Tofauti ikiwa ni mara mbili ya kiasi unachokitambua, basi kuna kitu umekiandika upande usio wake. Ni maarifa ya zamani, ya enzi za wino, na nilifurahi kuona bado yanarithishwa kwa mdomo chini ya mti wakati programu za kompyuta zinajumlisha zenyewe. Msichana yule aliongeza jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote niliyoyasikia pale. "Lakini mzee, urari ukikaa sawa usiseme hesabu ni sahihi. Kama muamala mzima haukuandikwa, pande zote mbili zimepungua sawasawa. Utalingana vizuri kabisa."

Usiku, kwenye chumba alichopanga na mwenzake Changarawe, mpwa wangu alifungua ile bahasha. Alipanga stakabadhi za bibi yake mezani kwa tarehe, akaweka orodha ya malipo pembeni. Kilo 412 za mizani, kilo 398 za malipo, tofauti kilo 14.

"Kumi na nne haigawanyiki kwa tisa," alisema. "Kwa hiyo haielekei mtu kageuza namba. Korosho hunyauka zikikaa, uzito unashuka. Au kuna zilizokataliwa daraja la kwanza zikawekwa kando. Au mizani ya chama na mizani ya ghala hazifanani. Zote ni sababu halali, mjomba. Lakini hakuna karatasi hata moja inayosema ni ipi." Msimu wa 2024/25 minada ilianza kwa bei ya zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, kwa hiyo kilo 14 ni zaidi ya shilingi 56,000. Mkulima mmoja. Aliandika barua fupi kwa Kiswahili kwa katibu wa chama, akimwombea bibi yake nakala ya hati ya ghala ya mzigo ule na maelezo ya upungufu, akaniambia jibu likikosekana tuliulize mkutanoni siku taarifa ya wakaguzi wa COASCO itakaposomwa. Shirika hilo la kukagua vyama vya ushirika lipo tangu 1982, na taarifa yake ni haki ya mwanachama kuisikia.

Barua ile ilikuwa na Kiswahili kizuri, na nikamsifu. Akasema imemgharimu. Masomo yake yote ni kwa Kiingereza, mitihani ya bodi ni kwa Kiingereza, viwango ni vya Kiingereza, na hajawahi kuulizwa kwenye mtihani amweleze mkulima kilichotokea kwenye fedha yake. Hilo alijifunza likizoni, kwenye mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyoiita, alipopangwa halmashauri ya nyumbani, nayo ikampeleka zahanati ya kijijini.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, hazipiti tena makao makuu ya wilaya. Ni uamuzi mzuri. Dawa ikiisha, kamati ya kituo inaweza kukaa na kuamua. Lakini fedha zilifika kabla ya mhasibu. Pale alipopangwa, mganga mfawidhi alikuwa ndiye daktari, ndiye mtunza stoo, ndiye mhasibu. Anaona wagonjwa mpaka mchana, anazalisha usiku, na katikati anajaza hati za malipo, daftari la fedha, ulinganisho wa benki na ripoti ya robo mwaka kwenye kompyuta mpakato inayozimika umeme ukikatika. Malipo yaliyomtesa zaidi yalikuwa ya petroli ya pikipiki inayofuata chanjo. Kijijini petroli inauzwa kwenye chupa za maji, na muuzaji wa chupa hana mashine ya risiti. Mganga alikuwa akilipa kwa uaminifu wote na kubaki mikono mitupu. Kwa mkaguzi, malipo hayo hayana nyaraka. Mpwa wangu alimchapia fomu ya nusu ukurasa: tarehe, lita, bei, safari ya wapi, sahihi ya muuzaji, sahihi ya shahidi kutoka kamati ya kituo. Dawa ya jambo lenyewe ilikuwa nusu ukurasa, na ilihitaji mtu aliyefundishwa kuuona mshale wa pili.

Ninaandika haya kwa sababu kila mwaka tunasikiliza ripoti kubwa kutoka juu. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amkabidhi Rais taarifa yake, nayo ifikishwe Bungeni. Kwa kawaida tunaisikia Machi na Aprili. Redio zinasoma nani kapata hati safi na nani kapata yenye shaka. Yapo mambo yanayojirudia: makusanyo yaliyopokelewa kwa mashine za POS na hayakufika benki, malipo yasiyo na viambatisho. Tunakasirika, tunataja majina ya wakurugenzi, msimu unapita. Ukifuata nyingi ya hoja hizo kwa kurudi nyuma, unafika kwa mtu mmoja mwenye mashine ya POS kwenye kizuizi cha mazao, au mganga mmoja mwenye chupa ya petroli, mahali ambapo hapakuwa na mhasibu hata mmoja siku karatasi ya kwanza ilipoandikwa au ilipoachwa bila kuandikwa. Hesabu za taifa zinajengwa pale. Wizarani zinajumlishwa tu.

Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka, tukiwa tunasubiri daladala, nilimwambia wazi ninachotaka: akimaliza, arudi. Azikusanye zahanati na shule na vyama vya msingi vya tarafa yetu, awe mhasibu wao. Nilisema kwa hisia, nadhani hata kwa sauti ya juu, maana wenzake waligeuka.

Hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. "Mjomba, nitafanya mtihani wa bodi wa Mei baada ya kumaliza. Nikiajiriwa halmashauri nitakwenda, sikatai. Lakini chama cha msingi kinamlipa mhasibu nini? Mnataka tuje kijijini, halafu mtupe posho ya kikao na soda. Mtu anayelinda fedha za watu akiwa na njaa, mnamtia majaribuni wenyewe."

Nikamwambia afanye hesabu. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya tiketi ya treni. Chukua vyama vinne vilivyo jirani, kila kimoja kikikusanya kilo 500,000 kwa msimu. Kila chama kitenge shilingi 6 kwa kilo. Ni shilingi milioni 3 kwa chama, milioni 12 kwa vyama vinne, shilingi milioni moja kila mwezi kwa mhasibu mmoja wa pamoja, anayezunguka, anayekuwepo siku ya mizani na siku ya malipo, na anayeandika kwa lugha ambayo wanachama wanaisoma. Mwaka wa mavuno mabaya itabidi akiba ya mwaka wa neema izibe, na hilo aliliandika pia, kwa herufi ndogo pembeni.

Shilingi 6 kwenye kilo iliyouzwa kwa zaidi ya 4,000 minada ya 2024/25 ilipoanza. Nimekwisha zungumza na wenyeviti wa vyama viwili vya jirani. Mmoja amekubali hoja iingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, mwingine anataka kwanza aione kwa maandishi, na nimempelekea.